Nani Amehesabu Jasho la Mponda Mawe?

Msikilizaji, ukiamka mapema Jumamosi mjini Kahama au Geita, utawasikia kabla hujawaona: vikundi vya jogingi, fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Jua likishapanda, shughuli inahamia kwenye simu. Grupu la WhatsApp linajaa skrinishoti za kilomita, hatua, mapigo ya moyo, na mstari wa njia uliochorwa juu ya ramani ya mji.

Mazoezi haya nayaunga mkono kwa moyo wote. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Na mwenye presha aliyeambiwa na daktari atembee, programu ya simu inamfaa sana. Anaona jana alitembea kiasi gani, leo anaongeza kidogo. Ninachotaka kukisema asubuhi hii ni kinachotokea hesabu hiyo inapotoka mkononi mwa mwenyewe ikapelekwa mbele ya watu.

Kwenye grupu, hesabu hugeuka cheo. Kiongozi anabandika orodha ya wiki. Aliyeongoza anapigiwa makofi, aliyeshika mkia anachekwa. Na wa kwanza kuondoka huwa ni yule hasa aliyehitaji kubaki: mama mwenye uzito mkubwa, mzee anayeuguza goti, mfanyakazi wa mgodini aliyetoka shifti ya usiku. Hagombani na mtu. Anaandika kwamba amebanwa na kazi, kisha anajiondoa.

Hata hizo hatua 10,000 tunazotishana nazo hazikuanzia hospitalini. Mwaka 1965 kampuni ya Kijapani, Yamasa, ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua na kukiuza kwa jina la hatua 10,000. Ilikuwa biashara. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanawake wazee nchini Marekani: waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye kama 7,500. Mama aliyejitoa kwenye grupu kwa aibu ya hatua 5,000 hakuwa na sababu ya kuona aibu.

Halafu kuna watu ambao hesabu hii haiwaoni kabisa, na hapa Kanda ya Ziwa ni wengi. Simu huhesabu hatua kwa kuhisi mtikisiko wa mwili unaotembea, na njia huichora kwa msaada wa setilaiti. Sasa nenda nayo kwenye machimbo madogo. Mwanamke amekaa chini tangu asubuhi, nyundo mkononi, anaponda mawe ya dhahabu yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji. Mabega na mgongo vimefanya kazi kutwa nzima; simu iliyo kwenye pochi yake inasema hajafanya kitu. Mchimbaji aliye chini ya ardhi kule Bulyanhulu, setilaiti haimfikii. Kijana wa daladala ya baiskeli Shinyanga mjini anampakia abiria na mzigo wake, anapanda naye mlima, na bado hatua zake ni chache, kwa kuwa miguu yake inazungusha pedeli. Vumbi analovuta mponda mawe na zebaki anayoishika mchenjuaji wa dhahabu havimo kwenye skrini yoyote. Ukimwambia huyu mama mponda mawe aongeze hatua, umemtukana. Anahitaji barakoa, maji ya kulowanisha mawe ili vumbi litulie, na siku ya kupumzika.

Na hata mwendo unaohesabika hausemi yote. Wako majirani zetu waliowahi kupimwa mwendo bila kushindana na yeyote. Ni Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, jirani na Meatu, wilaya iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuzaliwa mwaka 2012. Mwaka huohuo mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe hao: wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Pamoja na mwendo wote huo, nguvu iliyotumiwa na miili yao kwa siku nzima haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya, ukishazingatia ukubwa wa mwili. Kwa hiyo ile kalori unayoonyeshwa baada ya kukimbia, usiichukue kama risiti ya dukani.

Na jambo la mwisho linanitia wasiwasi zaidi. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilitoa ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba kambi za kijeshi zilikuwa zinang'aa humo, Syria na Afghanistan. Ziling'aa kwa sababu wanajeshi walikimbia na vifaa vilivyorekodi njia zao, na wenyeji wa pembeni hawakuwa na programu hiyo. Wachache katika giza huonekana upesi. Nasi huku bado tu wachache. Mnunuzi wa dhahabu anayeanza kukimbia kwenye geti lake saa 11 alfajiri, akairusha njia yake kila siku, amemwonyesha mtu asiyemjua nyumba yake na saa ambayo hayupo. Binti anayekimbia peke yake ametangaza kichochoro anachopita.

Strava ina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia, na sehemu ya kuchagua nani aione. Viongozi wa vikundi, Jumamosi ijayo, kabla wimbo haujaanza, washikeni wanachama mkono mmoja mmoja muwaonyeshe sehemu hiyo ilipo. Na orodha ya wiki iacheni. Waliojitoa kwenye grupu wapigieni simu warudi.