Adhabu Isingoje Maiti: Kosa la Kuhatarisha Maisha katika Jimbo la New York



Katika makosa yote ya jinai yaliyomo ndani ya Kanuni ya Adhabu ya jimbo la New York, iliyoanza kutumika mwaka 1967, ni machache yaliyotungwa kwa hekima kama kosa la kuhatarisha maisha kwa kutojali, kwa kuwa halingojei mtu afe wala ajeruhiwe, bali humshika mkosaji kwa hatari aliyoitia roho ya mwenziwe hali akiijua. Kifungo cha daraja la pili hakizidi siku 364. Daraja la kwanza, litakalo uthibitisho wa moyo mkatili usiothamini kabisa uhai wa binadamu, laweza kufika miaka 7.

Shabaha yangu ni kudhihirisha kwamba hekima hiyo hupotea mkosaji anapokuwa kampuni. Tarehe 6 Aprili 2015, mjini Manhattan, kijana wa miaka 22 aliyehamia kutoka Ecuador alifukiwa na udongo ndani ya handaki lililopita kimo cha watu wawili, ambalo kuta zake hazikutiwa mihimili ya kuzizuia, ilhali onyo la ukaguzi wa usalama lilikwisha kutolewa. Mkandarasi mkuu alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na ya kuhatarisha maisha. Na faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria, ambayo ndiyo aliyotozwa, ilikuwa dola 10,000. Tajiri wa ujenzi huihesabu faini kama hiyo pamoja na saruji na nondo.

Baada ya madai ya miaka kadha ya wafanyakazi, Gavana Kathy Hochul alitia sahihi Sheria ya Carlos, iliyopewa jina la kijana huyo, mwezi wa Desemba 2022, na faini ya kampuni kwa kosa kubwa ikawa haipungui dola 500,000. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini ukali huo waja pale tu mfanyakazi anapokufa au kuumia vibaya. Handaki lilo hilo, wachimbaji wakitoka salama kwa rehema ya Mungu, larejea kwenye viwango vya zamani.

Wapo wahofuo kwamba adhabu kali itamdhulumu mwajiri aliyeteleza kwa bahati mbaya. Hofu hiyo haina msingi, kwani sheria yamtaka mshtaki athibitishe kuwa mtu aliijua hatari akaipuuza.

Kwa hiyo naiomba semina hii iafiki mambo mawili: kwanza, faini ya kampuni kwa kuhatarisha maisha ipandishwe hata pasipo majeruhi, kwa kadiri ya mali yake; pili, onyo la mkaguzi lililoandikwa na kupokewa liwe ushahidi wa kutosha kwamba hatari ilijulikana. Tahadhari kabla ya athari ni wajibu wa kila mwenye kuajiri, na wajibu usio na adhabu wakati wake hautimizwi na wale wanaoogopa hasara peke yake.