Mfamasia na Mgonjwa wa Kisukari

Wiki hii tunazungumza juu ya mtu ambaye wengi wenu humwona kupitia dirisha dogo tu, yaani mfamasia. Mgonjwa wa kisukari humwona daktari mara moja kwa mwezi, au kila baada ya miezi 3, tena kwa dakika chache. Kisha hupanga foleni, hupewa mfuko wa dawa, huambiwa "hii moja asubuhi, moja jioni", naye huyo nyumbani. Mambo mengi huharibika hapo dirishani, na mengi yanaweza kurekebishwa papo hapo.

Mimi ni mfamasia. Kuhesabu tembe ni sehemu ndogo ya kazi yangu. Kubwa zaidi ni kuhakikisha kwamba dawa aliyoandika daktari inaingia mwilini kama alivyokusudia. Acha nieleze kwa mfano. Huja mzee, amekunja uso, aniambie: "Daktari, hii insulini ya siku hizi ni maji. Nadunga kila siku na sukari iko pale pale." (Sisi wafamasia nasi huitwa daktari, tumezoea.) Jambo rahisi lingekuwa kumrudisha aongezewe dozi. Mimi humwambia, "Shikamoo mzee. Hebu kwanza nionyeshe unavyodunga na mahali unapodunga."

Mara nyingi utakuta amedunga mahali pamoja, kando ya kitovu, kwa miaka kadhaa, kwa sababu hapo hapaumi tena. Ukipapasa unakuta ngozi imefanya kinundu kigumu kama mpira. Insulini ikiingia katika kinundu hicho haifyonzwi vizuri. Leo itachelewa, kesho itaingia yote kwa mkupuo. Basi sukari hupanda na kushuka bila mpango, dozi inaongezwa, na kinundu kinazidi kukua.

Dawa ya jambo hilo ni kuhama. Dunga tumboni, kwenye paja au nyuma ya mkono juu, ukisogea upana wa kidole kila mara, na ukiache kinundu kipumzike kwa miezi. Lakini sikilizeni hapa kwa makini: ukihamia kwenye ngozi nzima, ile dozi iliyopandishwa kwa ajili ya kinundu yaweza kuwa kubwa mno, sukari ikashuka ghafla. Kwa hiyo usihame kimya kimya. Mwambie daktari au mfamasia, na upime sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Jambo la pili ni ile insulini ya mchanganyiko, yenye rangi kama maziwa. Ikikaa, dawa hutuama chini. Viringisha chupa polepole baina ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu. Ukiona vipande au chembe zimeganda kwenye kioo, irudishe. Ile iliyo angavu kama maji nayo ibaki angavu. Ikiwa na ukungu usiidunge.

Na wasio na friji je? Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Chupa unayotumia yaweza kukaa nje mahali pasipo na jua kwa takriban wiki 4. Kwenye joto kali, iweke ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha kwenye chungu cha udongo kilicholowanishwa, kivulini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha vipimo vilivyofuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley huko Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Kwa hivyo mama wa Garissa asikatae insulini kwa kuwa hana stima. Lakini usiiache juu ya dashibodi ya matatu.

Wengine wanaiogopa kwa kuwa wamesikia kwamba anayedungwa insulini amefika mwisho. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 kule Toronto, alidungwa wa kwanza Januari 1922 akiwa karibu kufa. Aliishi miaka 13 zaidi, na insulini ya wakati ule haikuwa safi kama ya leo.

Tuje kwenye tembe. Metformini inywe pamoja na chakula. Tumbo likichafuka wiki za kwanza, njoo tuzungumze, usiache tu. Glibenklamidi ni nyingine kabisa. Hiyo husukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukiimeza kisha ukakosa chakula, utatetemeka, utatoka jasho, moyo utakwenda mbio, na hata kuzirai. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, koroga vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji unywe, ungoje dakika 15, upime tena, kisha ule. Aliyezirai asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja. Wanaotaka kufunga Ramadhani waje mapema kabla ya mwezi kuandama, dozi ipangwe upya.

Kama pesa ni kidogo na unadunga nusu dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, sema, usione haya. Daktari asipojua atadhani dawa imeshindwa. Tuambie pia ukipewa prednisoloni kwa ajili ya pumu, maana hupandisha sukari, na miti shamba unayokunywa. Hatutakucheka.

Siku ya kliniki, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na daftari lako na mashine ya kupima. Sindano zilizotumika zilete kwenye mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko, zisije zikawachoma watoto kwenye takataka.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.