Kikosi cha Akiba Wakati wa Moto Mkubwa

Mabwana wanachama, moto uliozuka Whona, mlimani Kilimanjaro, tarehe 11 Oktoba 2020, uliwaka siku nyingi, wakaitwa watu mamia kuuzima. Moto wa namna hiyo wote wakiingia siku ya kwanza, watachoka pamoja. Nani basi atawapokea?

Nasi hapa Magoma, penye mashamba ya mkonge na mbali na mji wa Korogwe, twaona yafaa magari ya zimamoto yakiitwa, moja libaki nyuma, tangi limejaa, dereva asiondoke. Watu watamlaumu kuwa amekaa bure, twajua. Lakini moto wa pili hautangoja.

Tena karani asimame njiani na daftari (kazi yetu hiyo!), aandike kila aingiaye na saa yake, na saa atokayo. Asiyeandikwa kutoka, atafutwe mara moja.