Kijana Akitoka Bostali, Atapokelewa na Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa niseme juu ya vijana wetu waliofungiwa. Jela ya watu wazima twaijua. Ile ya vijana hatuijui, ama tunajifanya hatuijui.

Kwanza sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa hatia ya jinai. Zamani ilikuwa miaka 8. Aliyepita umri huo, korti yaweza kumweka chini ya afisa wa probesheni, au kumpeleka shule ya kurekebisha tabia. Wakubwa kidogo hupelekwa bostali, na huko wanaweza kukaa hadi miaka 3. Wavulana huenda Shikusa, upande wa Kakamega, au Shimo la Tewa huko pwani. Wasichana huenda Kamae, Nairobi.

Maisha ya huko yakoje? Vijana niliozungumza nao wanasema kuna kuamka mapema, kuhesabiwa, usafi, darasa na karakana. Wengine hujifunza useremala, uashi au ushonaji, na kwa hayo wanashukuru. Kinachowauma ni siku ya wageni. La mwenzako linaitwa, lako haliitwi. Mara ya kwanza unajiambia nauli imekosekana. Mwaka ukiisha, unaona ni kama nyumbani walishakuzika.

Halafu kuna hofu ya kutoka. Si mnajua vile sisi hufanya? Kuku akipotea, jina la kwanza kutajwa ni lake. Akipita njiani, watoto wanaitwa ndani. Mwishowe anashinda stendi ya matatu, kwa sababu huko hakuna anayemuuliza alikotoka. Na huko ndiko wenzake wa zamani wanamngojea.

Ndugu zangu, shikeni jambo hili moja. Kabla korti haijaamua, na mara nyingi kabla kijana hajaachiliwa, afisa wa probesheni huja kijijini. Anauliza wazazi, chifu na majirani: mko tayari kuishi naye? Tukijibu, "Huyo akae huko huko," jibu hilo linaandikwa na kupelekwa. Kumbe hata sisi tumeshika ufunguo!

Simwambii mtu adanganye. Kama aliiba, semeni aliiba. Na aliyeibiwa asikizwe, maana ameumia. Lakini semeni pia mtamsaidia vipi.

Kikundi chaweza kufanya haya:

1. Changeni nauli, mzazi wake aende kumwona. Hata mara mbili kwa mwaka si haba.

2. Akirudi, yeye na aliyemkosea wakalishwe mbele ya wazee, yaishe.

3. Amejua useremala lakini hana randa wala msumeno. Mkopesheni vifaa, alipe pole pole kutokana na kazi yake.

4. Akitaka kujiunga na kikundi, atoe kiingilio kama wengine. Hataki kuhurumiwa, anataka kuhesabiwa mtu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, mwana mpotevu alipokelewa na baba, lakini kaka yake alibaki nje amekasirika. Baba akatoka kumsihi. Injili haisemi kama aliingia. Nasi kijijini tunasihiwa vivyo hivyo.