Safari ya Siku Moja Ujiji

 

Waislamu wengi hupenda kuitaja Qurtuba ya Andalus, mji ambao Mwislamu, Myahudi na Mnasara walikaa jirani, na ambao msikiti wake mkuu ulianzwa mwaka 785. Ni haki yao kuutaja. Lakini mji wa watu mchanganyiko ulio karibu na mlango wa Buyenzi ni Ujiji, nao hutajwa kwa nadra, hali nyumba nyingi zina babu aliyepita huko.

Mgeni aliyelala Kigoma huweza kuizunguka Ujiji kwa siku moja, akiwa na mwenyeji wa kumwongoza. Asubuhi na aanzie upande wa ziwani. Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta Wajiji wenyewe, Waarabu wa Oman, Waswahili wa Mrima na watu wa ng'ambo ya ziwa. Ziliuzwa pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese na samaki, na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Waliuzwa na watu pia.

Kisha mwongozaji humpeleka mgeni penye mnara wa Livingstone, chini ya miembe. Maji yako mbali nao, kwani ziwa lilishuka sana baada ya mto Lukuga kufunguka mwaka 1878. Hapo husimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni hucheka, hupiga picha, wakaenda zao. Aghalabu husahauliwa kwamba aliyetangulia kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi Mwafrika.

Lakini lililo zito ni lile lililomrudisha Livingstone Ujiji. Julai 1871, huko Nyangwe katika nchi ya Manyema, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki katika soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni.

Hapo ndipo wazee hunyamaza. Wakubwa wa misafara ile walikuwa na majina ya Kiislamu. Na wajukuu wa Wamanyema waliobebeshwa pembe wakiwa na minyororo shingoni leo husimama safu moja msikitini na wajukuu wa mabwana. Kunyamaza huko kuna adabu yake. Walakini kijana asiyeambiwa na babu yake huambiwa na kitabu cha mgeni, akadhani dini ndiyo iliyofunga minyororo. Sharia yaharimisha kumuuza mtu huru na kula thamani yake. Hukumu hiyo ilikuwako, nao wakaivunja.

Wala asisahauliwe Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, akataka kuingia Burundi, akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Baadaye, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilihamia huko na Ujiji ikatulia.

Basi mwenye mzee nyumbani na amwulize kabla hajapanda gari: ukoo ulitoka upande gani wa ziwa, na ulivuka kwa hiari au kwa kamba? Na aende na jibu hilo mpaka Ujiji, asali laasiri pamoja na wenyeji, na awaulize wao pia, ndipo arejee Kigoma kabla ya magharibi.