HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: KUKOSA SAUTI SI KUKOSA NENO

Miaka kumi si mchezo. Tulianza chini ya mwembe na sanduku la kufuli tatu, na leo wapo watoto wa Mpanda wanaosoma kwa fedha za sanduku hilo. Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameziandika vizuri humu kijitabuni, mie sitazirudia. Nimeomba nafasi niseme habari ya mwenzetu mmoja, mwanachama namba 14.

Wengi mnamjua. Alikuwa akiuza karanga sokoni, na akiita wateja unamsikia kabla hujamwona. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakakatika. Daktari alitueleza kuwa kiharusi chaweza kuumiza sehemu ya ubongo inayotunga maneno, lakini mtu akabaki na akili zake na mawazo yake. Tulisikia, ila hatukushika.

Ndugu zangu, hapa nakiri kosa letu, na mimi ndiye wa kwanza. Namba 14 aliletwa mkutanoni akakaa mkekani, nasi tukawa tunamwuliza ndugu yake aliyemleta. Mama anasemaje? Anakubali. Tunaandika: amekubali. Hakuna aliyemgeukia mwenyewe. Mgao ulipokaribia, yule ndugu akaomba fedha zote apewe yeye, na mama afutwe daftarini kwa kuwa hawezi tena. Jamani, tulikuwa karibu kuandika.

Bahati nzuri binti wa mwenzetu, aliyesomea kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, alikuwa likizo. Akatuambia tutengeneze ubao wa picha, mgonjwa aguse anachotaka kusema. Tukakata boksi la mafuta ya kula, tukabandika picha za maji, uji, dawa, choo na kitanda. Namba 14 akautazama, akausukuma kwa mkono wa kushoto. Tukasema, mnaona, haelewi. Binti akatuuliza: "Mama zangu, nanyi mkija mkutanoni mnakuja kuomba uji na choo?" Tukanyamaza.

Tukaanza upya, safari hii naye akiwemo. Tukaweka picha ya sanduku, noti, daftari, gunia la karanga, mjukuu wake, ndugu yake, na yeye mwenyewe. Tukaweka NDIYO na HAPANA. Binti akaongeza alama moja ya kusema: "Neno ninalolitaka halimo humu." Hiyo ndiyo iliyotufundisha kuongeza picha nyingine. Tukafunika kwa nailoni, maana masika yetu mnayajua.

Siku ya mgao ndugu akarudia ombi lake. Nikamwekea mama ubao magotini, tukangoja. Akagusa sanduku. Akagusa picha yake. Akagusa HAPANA, akaigonga mara tatu. Halafu akagusa gunia la karanga. Alikuwa anaomba mkopo! Tulimpa, na mkopo huo ameshaumaliza. Mjukuu anapima, yeye anapanga bei kwa ubao.

Nilipomwomba ruhusa ya kusema haya leo, aligusa NDIYO, kisha picha ya ndugu, kisha HAPANA. Basi ndugu simtaji.

Msidhani ubao ni kitu cha kimaskini. Mwanasayansi wa Uingereza Stephen Hawking alipasuliwa koo mwaka 1985 akapoteza sauti kabisa. Mwanzoni alionyeshwa kadi ya herufi, naye akainua nyusi herufi aliyoitaka ilipoguswa. Baadaye ndipo akapata kompyuta ya kumsemea, akaandika vitabu, na akaendelea kuzungumza kwa njia hiyo mpaka alipofariki mwaka 2018. Jirani zetu Kenya, kijana Roy Allela alitengeneza glavu zinazosoma lugha ya alama na kuitamka kwa sauti kwenye simu, kwa sababu ana mpwa wake kiziwi. Siku hizi zipo pia programu za simu ambazo ukibonyeza picha, simu inasema. Tukijaliwa tutazifikia. Lakini simu huisha chaji, na boksi halina chaji.

Ndugu Mgeni Rasmi, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimama mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Twashukuru. Ombi letu ni moja: mwombaji asiyeweza kusema aulizwe mwenyewe, siyo aliyemsindikiza.

Sisi wanachama tumepitisha matatu. Kwanza, hakuna kuandika "amekubali" kabla mwenyewe hajaonyesha. Pili, mfuko wa jamii utagharamia ubao kwa kila mwenye shida hii mtaani, wakiwemo watoto wanaofichwa ndani. Tatu, mwenye ubao akianza kusema, wote tunangoja. Atakayemkatisha atalipa faini kama ya mchelewaji.

Haba na haba hujaza kibaba, hata maneno.