Tusiogope kusema gari ni bovu

(Maneno ambayo timu yetu ya tereni ilisema mbele ya wanamemba na wafadhili, Sake)



Wengi wenu mlirudi Masisi tangu Februari 2025, wakati kambi za karibu na Goma, kama Bulengo, zilivunjwa. Wengine wangali wanangoja njia ya Walikale. Leo hatutaongea juu ya mbegu wala mabati. Tutaongea juu ya gari linalowabeba.

Tuanze na kosa letu. Siku moja tulijaza watu na mizigo ndani ya Hiace ya memba mmoja, ishuke toka Mushaki mpaka hapa Sake. Shofere alijua freni inavuja mafuta, hakusema. Sisi nasi tuliona doa kwenye gurudumu, tukanyamaza juu saa zilikuwa zimeenda. Kwenye mteremko pedali ikaenda chini kabisa. Shofere akarudisha vitesi, akaegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Mama mmoja akavunjika mkono. Hakuna aliyekufa, lakini hiyo haikuwa akili yetu, ilikuwa bahati.

Tulipomuuliza shofere kwa nini alinyamaza, alijibu: “Nikisema freni ni mubaya, mutapatia mwengine kazi. Watoto watakula nini?” Hapo tukaelewa kwamba sisi ndio tuliomfundisha kunyamaza.

Basi tukakaa na wenye magari, tukawaomba waseme yote bila kuogopa. Mambo matatu yalirudi mara nyingi.

La kwanza ni freni. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani. Yakizeeka, joto la mteremko mrefu linayachemsha, na pedali inakuwa laini. Kwa hiyo shofere ashuke na vitesi ndogo tangu juu, asingoje freni zinuke.

La pili ni mlango. Hiace nyingi zilitengenezwa kwa njia za Japani, ambako wanapita kushoto. Sisi Kongo tunapita kuume. Basi mlango wa abiria unafunguka katikati ya barabara, mahali moto na malori yanapita. Konvwayere ashuke kwanza, aangalie, ndipo watoto washuke.

La tatu ni mapine yaliyolika na viti vilivyoongezwa. Viti hivyo vikifungwa na bulonji mbili tu, gari likigonga vinang'oka pamoja na watu.

Tusidhani ni shida ya Masisi peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilionyesha mwaka 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kati ya 2015 na 2018, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Kampuni Takata ya Japani ilifilisika mwaka 2017, juu mifuko yake ya hewa iliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, zaidi kwenye joto na unyevu. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudi kutengenezwa. Lakini barua ya kuita inamfuata mwenye gari kule lilikoandikishwa. Haifiki Nyabiondo. Leteni namba ya shasi, tutawasaidia kuangalia.

Sasa tunaomba mambo manne. Moja, tufungue daftari la ubovu wa magari. Mbili, shofere anayesema ubovu asipoteze zamu yake: gari lingojee, kasa ilipe plaketi na mafuta ya freni, naye arudishe kidogo kidogo. Tatu, wanamemba, shofere akisema “tungoje”, msimpigie kelele. Kulala njiani usiku mmoja si aibu. Nne, wafadhili wetu, mwaka huu acheni tisheti na kofia. Fundi mzuri na plaketi mpya vitabeba jina lenu vizuri zaidi.

Na sisi wa timu tunatoa ahadi mbele yenu: tukiona doa la mafuta, hatutaweka saini, hata kama saa zimeenda.

Yule mama aliyevunjika mkono yuko hapa. Amekubali yeye mwenyewe kushika daftari. Wenye magari, kabla ya kurudi nyumbani, piteni kwake.